Ukurasa wa Saba

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na moja,
na Mama Ndealilia Kiwelu, mdai, miaka sabini na minne,
alisimama amekumbatia mkoba.
Kihamba chake kilikuwa kinapita juu ya kichwa chake,
migomba, kahawa, kaburi la mumewe,
vyote vimevaa suti.
Jaji aliponyanyuka, alinivuta shati:
"Mkalimani. Nimeshinda, au nimeshindwa?"
Kati ya maneno hayo kuna herufi moja tu,
na siku ile niliishika mimi.

Jioni, Pasua, kwenye kibanda cha Elirehema,
nilifungua kitabu nilichookota Kiboriloni katikati ya mitumba,
kisa cha utoto wa lugha ile.
Nilidhani ilizaliwa na wigi kichwani.
Kumbe ilikuwa na tope hadi magotini.

Mwaka elfu moja sitini na sita Wanormani walivuka maji,
wakakaa vitini na Kifaransa chao;
Kiingereza kikabaki zizini.
Mchungaji alimwita ng'ombe kwa jina la nyumbani
alipomkamua, alipomtoa kupe.
Ng'ombe yuleyule, akishapanda mezani kwa bwana,
aliitwa bifu, na hilo ni la Kifaransa.
Kondoo vilevile. Nguruwe vilevile.

Nilicheka mpaka Elirehema akageuka na kisu.
Nikamwonyesha sahani.
Huyu, bandani kwako Bomambuzi, anaitwa nani?
"Nguruwe."
Na hapa?
"Kitimoto."
Nani alivuka bahari kutuletea hilo?
Akafuta kisu kwenye aproni.
"Hakuna. Ni haya zetu tu."

Miaka mia tatu, au karibu na hapo,
mkulima alishtakiwa kwa Kifaransa, akatetewa kwa Kifaransa,
akanyongwa kwa lugha asiyojua hata kuisalimia.
Nikasukuma sahani.
Nikatafuta jina la mkalimani, kurasa zote, sikuliona.
Lazima alikuwepo mtu,
wa pembeni, koti la kuazima, shati linavutwa.

Wakati huo, huko jikoni, lugha ilikuwa inajipunguza mizigo.
Ilikuwa na jinsia tatu, mikia ya maneno kama ya vinyonga;
iliiacha njiani kidogo kidogo, hakuna aliyerudi kuiokota.
Watu wa kaskazini, waliokuja na mashoka wakaishia kuoa,
walikuwa wameshaiachia neno la dirisha:
jicho la upepo.
Nikatazama la kibanda, lenye wavu uliotoboka.
Dirisha. Na sisi letu tulipewa na Waajemi.

Kisha tauni.
Ilipomaliza kuzika, mikono ya kulima ilikuwa ghali,
na mdomo wa mwenye mikono nao ukapanda bei.
Mwaka elfu moja mia tatu sitini na mbili ikatoka sheria:
kesi zinenwe kwa Kiingereza, maana watu hawaelewi.
Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa.
Hapo sikucheka.

Sijasema nilimjibu nini Mama Ndealilia.
Nilimwambia, umeshinda. Akanitazama tu.
Nikarudia kwa Kimochi,
lugha niliyochapiwa viboko darasa la tatu,
ndipo magoti yakamwishia, akakaa.
Kesho yake alinisubiri nje ya masijala na nakala yake,
mhuri bado mbichi.
"Masale yangu," akasema. "Nionyeshe yamekaa wapi."
Nikapekua: mlalamikaji, mlalamikiwa, mipaka, gharama,
Kiingereza juu ya Kiingereza,
na ndani yake, sasa nikiyajua, maneno ya Kifaransa yamelala kama mawe ya msingi.
Ukurasa wa saba, mstari wa nne kutoka chini.
Masale.
Jaji alikosa la kwao, akaliacha lilivyo.
Mama akaweka kidole juu yake,
akakikandamiza,
kama mtu anayeshindilia udongo kwenye mche.